Kumpeleka Bastien Riyadh

Niliondoka Jeddah kwa sababu ya sikio la Mfaransa. Bastien alikuwa mchezaji tenisi wa kulipwa, na daktari alikuwa amemkataza kupanda ndege mpaka sikio lipone. Mechi yake ilikuwa Riyadh. Kafili wangu, mwajiri na mwenye magari, akanitupia funguo: "Joseph, yalla! Mpeleke, umngoje, umrudishe."

Alfajiri nilimchukua hotelini. Alikuwa mtu mrefu, mvi zimeanza kumwingia, goti limefungwa bandeji. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu kibovu, kwa hiyo tukaelewana.

Tulipopanda milima ya Taif alianza kunisimulia. Babake ndiye aliyemfunza, kwenye uwanja nyuma ya kiwanda cha saruji. Ujanani alicheza Paris mbele ya maelfu, magazeti yakasema huyu atakuwa bingwa. Kisha goti likapasuliwa, likapona, likapasuliwa tena. Tangu hapo alizunguka miji midogo akicheza na vijana waliozaliwa yeye akiwa tayari kazini.

"Nikishindwa kesho, halas," alisema. Neno hilo la Kiarabu, yaani basi, imekwisha, alikuwa amelishika hapa hapa.

Baada ya Taif ni jangwa tu. Ngamia nyuma ya seng'enge, vituo vya petroli, upepo ukiburura mchanga barabarani. Bastien alilala mdomo wazi kama mgonjwa.

Riyadh, kesho yake mchana, nilitaka kumngoja garini kama ilivyo kazi yangu. Akainama dirishani. "Nimepewa viti vya familia. Hakuna wa kuvikalia. Njoo."

Nikaketi pale na shati langu la kazi. Uwanja ulikuwa na watu wachache. Seti ya kwanza alimsumbua sana mpinzani wake, kijana mdogo, nikajikuta napiga makofi peke yangu. Seti ya pili goti likamsaliti, akaanguka. Mwamuzi akashuka kumwuliza kama anaacha. Akakataa. Akaendelea akichechemea, na yule kijana, kwa huruma, akaanza kumpigia mipira laini.

"Cheza!" Bastien akafoka. "Usinidharau!"

Kijana akacheza, na mambo yakaisha upesi. Bastien akageuka, akaniinulia mkono. Nami nikasimama, maana nani mwingine angesimama?

Siku iliyofuata, tukiwa njiani kurudi, tulipumzika Taif tunywe chai. Simu yake ikalia. Akasema maneno machache ya Kifaransa, kisha akabaki ameishika sikioni.

"Kuna nini, bosi?"

"Ni baba. Ameuliza kama nimeshinda. Nimemwambia hapana, akakata."

"Hakuuliza habari ya goti?"

"Hajawahi kuuliza."

Nikamsogezea chai, ikapoa mbele yake. Tukafika Jeddah. Pale hotelini alinipa mkono, akapanda ngazi polepole, akishika ukuta.

Jioni nilifika chumbani kwetu mtaa wa Bani Malik, wenzangu wakisonga ugali. Nikampigia binti yangu, nyumbani Kitale. Yeye ni mkimbiaji shuleni, na siku hiyo walikuwa na mashindano. Siku zote neno langu la kwanza huwa: umekuwa wa ngapi?

Akaanza mwenyewe, sauti chini. "Baba, leo nimekuwa wa..."

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Miguu inakuuma?"

Nikadhani laini imekatika.

"Inaniuma, baba," akasema. "Imeniuma muhula mzima."