Nishani ya Teague Mwingine

Hapa kwetu milimani Tennessee, Odell Teague alijulikana kwa kutengeneza matrekta na kwa Nyota ya Fedha, nishani ya ushujaa aliyorudi nayo kutoka vita vya Vietnam. Kila Mei, siku ya kuwakumbuka waliofia vitani, alikalishwa kwenye gari la mbele la maandamano. Akiombwa asimulie vita, aliinamisha kichwa na kuulizia kahawa. Tulisema ni mnyenyekevu. Kumbe ilikuwa aibu.

Kikosini mwao walikuwamo akina Teague wawili. Mwingine aliitwa Oscar, kijana mweusi wa Georgia, na wenzao walimtania Odell, aliye mzungu, kwamba huyo ni kaka yake. Siku waliyoshambuliwa kwenye mashamba ya mpunga, Oscar alirudi tena na tena katikati ya risasi kuwavuta majeruhi. Odell alilala mtaroni, hakuinua hata kichwa. Kapteni aliyeona yote alipendekeza nishani, naye akauawa siku chache baadaye. Karani akaandika "O. Teague", na nishani ikamkuta Odell hospitalini, akiugua malaria. Oscar alikuwa ameshahamishwa. Odell alijiambia atasema akipona. Alipopona, mama yake alikuwa amekwishapeleka habari gazetini, na mchungaji amekwishamtaja kanisani.

Alizeeka hivyo, akiwa amenyamaza. Kisha siku moja akapigiwa simu na Marvella, binti wa Oscar. Baba yake alikuwa amefariki, naye alikuwa akihangaika jeshi lisahihishe kumbukumbu zake, maana aliwahi kusema kuna nishani aliahidiwa. Jeshi lilitaka shahidi.

"Samahani kukusumbua, Bwana Teague," alisema. "Najua na wewe ulipewa nishani kwa mapigano yale ya mashamba ya mpunga. Nikadhani labda ulimwona baba."

Odell alimwambia atampigia, akatoka kwenda kusimama nyuma ya banda la kuku mpaka mkewe, Nadine, akamfuata. Akamweleza palepale.

"Na mimi nimekuwa nikiifuta nishani hiyo vumbi pale ukutani, Odell," Nadine alisema. "Tangu unioe."

"Najua."

"Basi usiniombe mimi radhi. Mtafute huyo binti wa watu."

Kesho yake alikwenda ofisi ya wilaya inayoshughulikia wanajeshi wa zamani. Bi Crain, mwenye ofisi, alimpokea kwa bashasha akidhani amefuata vifaa vya kumsaidia kusikia. Aliposikia kilichomleta, alivua miwani. Kisha, kwa huruma, akamwonyesha njia rahisi: aape tu kwamba alimwona Oscar akiokoa watu. Oscar atapata yake, na ya Odell huenda isiguswe.

"Hakuna atakayejua, mzee wangu."

"Andika yote."

"Hata ya mtaroni?"

"Hiyo ndiyo usiiache."

Akaazima simu ya mezani hapohapo, kwa kuwa alijijua kwamba akifika nyumbani hatapiga. Marvella alimsikiliza hadi mwisho. Akauliza kama alijua baba yake anaishi wapi miaka yote hiyo. Odell akajibu kwamba alijua ni mtu wa mji wa Macon, kule Georgia, ila hakuwahi kumtafuta.

"Baba alikuwa dereva wa basi la shule," Marvella alisema. "Alilitaja jambo hilo mezani mara moja, mjomba akamcheka. Hakulitaja tena." Akakata simu bila kuaga.

Jeshi lilichukua muda, lakini lilisahihisha. Nishani iliandikwa kwa Oscar, ikafutwa kwa Odell. Habari zikaenea mjini. Wapo waliompa mkono kwa nguvu kupita kiasi. Wengine walinyamaza akiingia mgahawani. Rafiki yake Buford ndiye aliyemwambia usoni: "Tulikupigia saluti, Odell. Mimi na wanangu."

Marvella alituma ujumbe kupitia kwa Bi Crain: jiwe jipya la kaburi linawekwa, na Odell aje awasimulie wajukuu alichokiona. Aliendesha hadi Georgia, Nadine pembeni yake. Chini ya turubai lililotandwa makaburini hakuna aliyempa mkono. Alisimulia akiwa amesimama, na alipofika kwenye mtaro sauti ikamkatika.

"Endelea," Marvella alisema.

Akaendelea, akataja kila aliyevutwa akiwa hai, kwa majina aliyoyakumbuka. Wajukuu walitaka kujua babu yao alisema nini alipokuwa akikimbia. Odell akawaambia alikuwa akitukana sana, na kwa mara ya kwanza watu wakacheka, yeye akitazama viatu vyake.

Alipokuwa akienda kwenye gari, Marvella alimfuata na sahani mbili za kuku na maharage.

"Kuleni kwanza," alisema. "Sijakusamehe, lakini safari ni ndefu."

Odell alipokea kwa mikono miwili. Hakuweza kumtazama.