Shangazi Aliyeitikia kwa Kichwa

Masikio ya shangazi yangu hayana bawabu: kila sauti inaingia bila kubisha hodi. Kijiko kikigusa kikombe chumba cha pili, anakunja uso kama mwenye jino bovu. Daktari alisema ni usonji. Bibi, kwa miaka thelathini, alisema ni kiburi.

Kazi yake ni kukata vitambaa kwenye karakana ya ushonaji yenye cherehani nane, feni inayolia kama mbuzi, na redio ambayo hakuna anayeisikiliza, ila ole wako uizime. Anavaa viziba masikio vikubwa vya wakata nyasi. Ukimsemesha humo ndani, maneno yako yanamfikia vipandevipande. Zamani alikuwa akiuliza "Unasemaje?" mara tatu, watu wananuna. Ndipo akagundua dawa: kuitikia kwa kichwa. Mtu anaridhika, anaondoka. Wenzake wakambandika jina la Mjusi.

Kwa kichwa hicho ameshakubali kufuga paka wawili na kuwa nahodha wa timu ya mpira wa pete.

Jumanne alikuja muuza nyuzi, mwanamume mpole anayeweka boksi lake chini kana kwamba limejaa mayai. Alimwinamia Shangazi pale mezani, akasema maneno mengi. Cherehani zote nane zilikuwa mbioni. Shangazi akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi tukamwona sebuleni kwetu, yeye na kaka yake, mashati yamepigwa pasi mpaka yanataka kukata mtu.

"Tumekuja kuhusu ile posa," alisema kaka mtu. "Mwenyewe ameshakubali."

"Nimekubali nini?" aliuliza Shangazi.

Bibi akajishika kiuno. "Mwanangu kaposwa kazini kama anayeagizwa vifungo."

Muuza nyuzi alitamani sakafu immeze. "Nisamehe, dada. Niliona umeitikia."

"Mimi namwitikia kila mtu. Hata paka sikuwataka."

Muuza nyuzi akainuka kuondoka, mabega yameanguka.

"Kaa," Shangazi akasema. "Sema tena. Taratibu."

Bibi akazima redio yake ya sebuleni. Mimi nikatoa paka nje, nikachomoa na waya wa friji, maana nalo lina maneno. Muuza nyuzi akaokota penseli na kipande cha karatasi ya kuchorea mitindo, akaiandika posa yake, akampa. Shangazi akasoma mara mbili.

"Unakoroma?"

"Hapana."

"Anakoroma," alisema kaka mtu. "Kama trekta."

"Wewe umekuja kuposa au kutoa ushahidi?" Bibi akamuuliza.

"Nitalala chumba cha pili," alisema muuza nyuzi. "Hata cha tatu."

Shangazi akamtazama mkononi. Tangu aingie alikuwa ameshika biskuti, hajaing'ata.

"Mbona huli?"

"Inalia ukiitafuna. Nimekuona ukikunja uso kaka alipokula yake."

Shangazi akamnyang'anya biskuti. Akaenda jikoni, akarudi na ndizi mbivu, akamwekea kiganjani. Kisha akaitikia kwa kichwa, mara moja, polepole.

"Huko ni kukubali," Bibi akauliza, "au ni yule Mjusi?"

"Nimekubali, Mama. Nimesikia kila neno."

Kaka mtu, kwa furaha, akapiga makofi. Shangazi akavaa viziba masikio vyake, akaketi kumtazama mchumba wake akila ndizi.