Hadithi Niliyojifanya Kuitunga

Huku ughaibuni, kila asubuhi basi la kampuni lilituchukua kambini kwetu Al Quoz na kutupeleka Silicon Oasis, mimi nikiwa mlinzi wa jengo la ghorofa, wenzangu wakifanya usafi. Njiani niliwasimulia hadithi, kipande kila siku. Ndugu wawili waligombania nyumba ya marehemu baba yao, wakajenga ukuta katikati, ukapita hata jikoni. Mama yao akatoboa tundu ukutani ili awapitishie wote chakula.

Hadithi ilikuwa ya mwandishi mmoja wa Kimarekani niliyempenda tangu sekondari. Nilibadilisha kidogo tu: theluji ikawa baridi ya Kinangop, mkate ukawa ugali. Siku niliyofika kwenye kifo cha mama, dada mmoja kutoka Taita, aliyezoea kukaa karibu nami, alilia mpaka akajifuta kwa kitambaa cha kazi.

"Umeitoa wapi hadithi hii?" akaniuliza.

Kusema ukweli kungekuwa rahisi. "Nimeitunga mwenyewe," nikasema.

Walinipigia makofi. Tangu hapo dada yule akawa ananiita Mwandishi, nami nikawa naitika.

Miezi miwili baadaye alipanda basi ameshika kitabu kilichochakaa. Mpangaji mmoja aliyekuwa akihama alikuwa amemwachia mfuko wa vitabu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini alikuwa amefika ukurasa wa arobaini.

"Mwandishi, keti hapa," akaninong'oneza, amekasirika kwelikweli. "Huyu Mmarekani amekuibia. Tundu la ukutani limo humu! Na mama pia!"

Nililitambua jalada hata kabla hajanigeuzia. "Khalas, yaishe," nikasema. "Achana naye."

"Niachane naye vipi? Hili ni jasho lako!"

Akasimama na kuwaeleza wenzetu. Mmoja akasema binamu yake ni wakili Nairobi, atampigia leo leo.

"Jamani, kaeni," nikasema. "Aliyeiba ni mimi. Kitabu kilitangulia."

Hakuna aliyecheka. Dada alikaa polepole, akakiweka kitabu mapajani.

"Kwa hivyo siku ile niliyolia, aliyeniliza ni yeye."

"Ni yeye."

"Na mimi nakuita Mwandishi, unaitika tu."

Jioni nilimwomba msamaha langoni, akasema amenisamehe, na nadhani amenisamehe kweli, maana salamu zipo. Lakini alihamia viti vya nyuma. Alikimaliza kitabu kile, akatafuta kingine cha mwandishi huyohuyo, kisha cha tatu ambacho hata mimi sijakisoma.

Wiki iliyopita nilimsikia akiwasimulia wenzake hicho cha tatu. Alianza kwa kulitaja jina la mwandishi, taratibu, asilikosee. Nilitamani sana kusogea nisikilize. Sikuthubutu.