Vigingi Viwili vya Nyuma ya Jiko

Harufu ya rangi mbichi ya mafuta ikinifikia puani, hata leo, hujikuta nikitazama kucha zangu. Niwasimulieni kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa nyuma ya Pugu, mahali palipoitwa kijiji bado; mtu alinunua kiwanja, akapanda minyaa, huo ndio mpaka. Mwaka ule tukatangaziwa kwamba tumeingizwa mjini, na barabara zingepimwa. Wapima wakaja na vigingi vyenye vichwa vyekundu. Viwili wakavigongomea kwetu: jiko na chumba tulicholala mie na mdogo wangu vilikuwa ndani ya barabara.

Mama, mwalimu, mjane, alikijenga chumba kile kwa miaka minne, tofali kwa tofali. Aliendelea kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Kesho yake mchana, kabla Mama hajatoka shule, niling'oa vile vigingi. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri. Nikapenya kwenye minyaa, nikavichomeka kwa Bi Somoe, jirani yetu aliyetokea Lindi, ubavuni kabisa mwa nyumba yake.

Jioni akaja kijana wa kupaka alama za kubomoa. Yeye alifuata vigingi tu. Mstari wa kwanza wa X ulikuwa umeshakaa ukutani Bi Somoe alipotoka, mikono ina unga.

"Mwanangu, jana si mliniambia mie nimesalimika?"

"Mama, mie naangalia kigingi."

Bi Somoe akakaa chini, palepale mchangani.

Mama alikuwa upande wetu wa minyaa, bado ana vumbi la chaki. Akanitazama. Akatazama kucha zangu, nyekundu. Mkojo ulinitoka. Kijana akainua brashi kwa mstari wa pili, na Mama bado kimya.

Kisha akaita, sauti imekauka: "Kaka, hebu acha. Hivyo vigingi ni vya kwetu."

Jiko na chumba vilibomolewa wiki iliyofuata. Tulilala sebuleni hadi nilipomaliza sekondari. Hakunipiga, wala Bi Somoe hakuambiwa ni nani aliyevihamisha.

Miaka mingi niliamini kwamba katika ule ukimya alikuwa akinikasirikia. Sasa nina nyumba yangu Kinyerezi na watoto wawili wamelala ndani yake, ndipo nimeelewa. Mama hakuwa akinifikiria mie kabisa. Alikuwa akishindana na nafsi yake, na kwa muda ule mfupi, nafsi ndiyo iliyokuwa ikishinda.