Sindano Chini ya Nyama

Niliingia Nakuru na kisu kimoja na darasa la nne. Kufikia mwaka wa elfu mbili na saba nilikuwa na bucha mtaa wa Free Area na friza kubwa yenye jenereta yake. Mtaa mzima ukikosa stima, yangu inanguruma. Waliosoma walipanga laini kwangu, na ni mimi nilikuwa naamua nani anapata nyama laini.

Kwa hivyo kliniki ya mtaa iliponiambia nina hepatitisi C, na ini langu limeanza kuharibika, nilicheka. Mimi, niliyeuza maini tangu ujana? Lakini nikakubali kudungwa kila wiki, mwaka mzima, bila kuruka. Muuguzi mmoja mstaafu ndiye aliniletea dawa kila Ijumaa, kwa miguu, ndani ya kasha la barafu. Kila Jumamosi homa ilinitupa kitandani. Alisema hiyo ni dawa inafanya kazi.

Katikati ya Januari, miji mingine ikiwa inachomeka kwa sababu ya kura na Nakuru bado kimya, alileta sindano tatu pamoja. Hakupenda vile watu walikuwa wanaangaliana njiani. Akaniagiza nijidunge mwenyewe, na niziweke kwa friji ya nyumbani, kando ya maziwa. Hilo la maziwa alilirudia mara mbili. Nikajiambia huyu mama hajui mashine. Nikazipeleka bucha, nikazizika chini ya mapaja ya ng'ombe.

Ijumaa mbili nilijidunga. Zilikuwa ngumu kama mawe, niliziyeyusha kwapani. Homa haikuja. Nikamwambia mke wangu mwili wangu umeishinda.

Mwisho wa mwezi moshi ulipanda Nakuru pia. Maduka yalifungwa, jirani akawa hasalimii jirani. Ijumaa ya tatu muuguzi alitokea kwa mlango wa nyuma wa bucha, vumbi hadi magotini, kasha mkononi. Aliuliza kuhusu homa. Nikasema imeniogopa. Hakucheka. Aliomba kuona sindano iliyobaki, nikaifukua chini ya nyama.

"Umeigandisha," akasema.

"Friza yangu haijawahi kuniangusha."

"Mzee, hii dawa ikiganda imekufa. Wiki mbili umejidunga maji."

Nilikaa juu ya gogo la kukatia nyama. Alieleza polepole kwamba nikikosa na ya tatu, ugonjwa utarudi pale ulipokuwa, labda mbele zaidi. Kliniki ilikuwa imefungwa. Dawa nyingine haingefika hadi barabara zifunguke.

Kisha akafungua kasha. Ndani kulikuwa na sindano moja, imebandikwa karatasi yenye jina la mtu. Ilikuwa ya fundi viatu wa mtaa wa Section 58, aliyeanza matibabu mwezi mmoja na mimi. Muuguzi alikuwa ametoka kwa huyo fundi.

"Mlango uko wazi," akasema. "Sufuria iko jikoni, ugali umekauka ndani. Nimengoja sana."

"Anaweza kurudi."

Alinionyesha barafu, ilikuwa imekuwa maji. Dawa haingedumu hadi jioni. Nilifikiria kuitia kwa friji yangu ya nyumbani, kando ya maziwa, imngoje mwenyewe. Nilifikiria tu, sikusema.

Nikapandisha shati, nikashika mkunjo wa tumbo vile alivyonifundisha. Alibandua ile karatasi kwanza, akaikunja, akaitia mfukoni.

Jumamosi homa ilikuja.