Masikio ya Kuchemsha

Nikinusa tangawizi ikichemka na nyama ya mbuzi, mkono wangu huenda wenyewe sikioni kuhakikisha bado lipo. Niseme ujinga wangu mapema, maana Makere nzima wanaujua: Krismasi ya mwaka 2013, nikiwa darasa la tano, niliimba kwaya ya watoto, mstari wa mbele, nimefunga masikio kwa kipande cha kanga nikiogopa yataanguka.

Aliyeniponza ni binamu yangu Shukuru. Mafundi wa Kichina waliokuwa wakijenga barabara walipanga jirani na kwetu, na mpishi wao, tuliyemwita Babu Li, alituita watoto tule sikukuu yao ya majira ya baridi. Kwa Kiswahili cha kuokoteza akatueleza kwamba kwao usiku huo ndio mrefu kuliko yote, na baridi yake si hii yetu ya sweta moja. Zamani mganga mmoja aliwaona maskini masikio yameoza kwa baridi; akachemsha nyama ya kondoo na dawa, akaifunga kwenye unga uliokunjwa mfano wa sikio, akawagawia, wakapona. Tangu hapo huyala masikio hayo ya unga, ya kuchemsha, kila mwaka. Babu Li, kwa kukosa kondoo, alitumia mbuzi, na dawa ikawa tangawizi. Mimi mjuaji nikaona sambusa isiyopita kwenye mafuta ni ushamba, nikasukuma sahani. Shukuru akaikomba yote, akalamba vidole, akaninong'oneza: “Ewe, asiyekula, yake hudondoka. Lala chali usije ukayalalia.”

Babu Li alipoona kitambaa changu alinihurumia, akanifundisha kukunja kwa unga mtupu. Nilijifunza kwa nia mbaya: Desemba ijayo Shukuru angekula pilipili kichaa. Lakini barabara ikasonga mbele na Babu Li wake, Shukuru akahamia Kibondo, kisasi kikabaki bila mlaji. Subira huvuta heri. Yangu ilivuta pilipili.

Siku hizi lami imefika, mimi sijafika popote; niko nyumba ileile. Desemba iliyopita Shukuru akaja, kitambi mbele. Nikamkunjia sahani nzima, pilipili tupu, bila kujitengea hata moja. Akala. Machozi yakamtoka, kamasi zikamtoka, akaomba na mchuzi, akamaliza, akasema tangu utoto hajala kitu kitamu namna ile. Jirani yangu Mama Ezekieli, niliyemwalika aje ashuhudie mtu akilia, aliitazama sahani, akanitazama mimi: “Mwenzangu, amekula chako tena, na safari hii umempikia mwenyewe.”