Sanda ya Mama wa Sanyuanli

Hapa Guangzhou nimezeeka na swali moja: Mchina anajuaje kuwa yeye ni wa kabila fulani? Ndiyo kazi ya mwanaanthropolojia, kuwasumbua watu kwa mambo ambayo wenyewe hawayaulizi. Aliyenivumilia kuliko wote ni mama mmoja wa mtaa wa Sanyuanli, mpika tambi, Mhui, yaani Mchina Mwislamu wa kuzaliwa. Aliolewa na Mhan, Mchina wa lile kabila kubwa lisilo la Kiislamu, watoto wakafuata kabila la baba. Nguruwe hakumgusa maisha yake yote. Sala alizisahau, ikambakia bismillahi tu, nayo akiitamka kwa lafudhi yake mpaka mimi Mmombasa nacheka.

"Cheka tu, mwanangu," aliniambia. "Lakini nikifa nizikwe. Wasinichome moto."

Nilipokwenda likizo akaniagiza bafta ya sanda. Nikamletea, akaniachia mimi niitunze.

Alipofariki, mwanawe mkubwa aliamua achomwe, majivu yawekwe kando ya mumewe. Nikamwendea mbio.

"Kaka, mama yako ni Mhui. Wahui huzikwa. Na mwenyewe aliomba."

Akanitazama kwa macho mekundu. "Profesa, si wewe uliyetuambia, hapa hapa mezani, kwamba kabila la mtu ni lile watu wake wanalompa? Watu wake ni sisi. Kwetu sisi ni mke wa baba, na hatalala peke yake."

Loo! Maneno yangu hayohayo, niliyoyafundisha mpaka nikaota mvi. Nilimchukia siku ile, na huku naona wazi anavyompenda mamake.

Nikaomba basi avikwe sanda ndani ya nguo zake za hariri. Akakataa. Nikaenda nayo vivyo hivyo, imo kwapani.

Uani pa kuchomea maiti, jamaa walikuwa wakiteketeza nguo na nyumba za karatasi ili zimfikie marehemu. Desturi hiyo nimewasomesha wanafunzi miaka na miaka, kila mara nikianza na "wao wanaamini kwamba". Mkaza mwana wa marehemu akanisogelea, akaniambia taratibu, "Shangazi, hiyo nguo itie motoni. Itamfikia."

Astaghfirullah! Sanda ya Mwislamu, motoni? Nikaikumbatia, nikamgeuzia mgongo.

Kisha moshi ukaanza kutoka kwenye bomba la tanuri, na wote tukajua ni yeye. Kaburi hakuna. Ningempelekea wapi tena? Nililia kwa sauti kama mtoto. Nikasema bismillahi kwa lafudhi yake, nikaitia sanda motoni.